Mwaka wa Karatasi

2 Februari

Mama Chiriku,

Salamu nazifupisha kwa sababu najua huwa unaziruka.

Mwezi ujao, tarehe kumi na nne, mtoto anatimiza miaka kumi na nane. Nimekwenda ofisi ya mishahara nikauliza. Wakaniambia makato ya matunzo hukoma mtoto akishakuwa mtu mzima, ila nyinyi mkikubali kwa maandishi mambo yanakwenda haraka, hakuna kurudi tena mahakamani. Basi naomba uandike mistari miwili tu, kwamba mtoto amekua na wewe huna dai. Saini, tarehe, yaishe.

Sitaki ugomvi. Tangu siku ile hakimu aliponisomea hukumu huku anapiga miayo, mimi nalipwa mshahara ambao umeshakatwa kabla sijauona. Vijana niliowafundisha kazi mwenyewe, ambao juzi tu walikuwa wanashika spana kinyume, sasa wananizidi mfukoni. Nashinda kwenye maghorofa ya watu natengeneza lifti zao, nikishuka chini nimebaki na pesa ya sabuni. Nimevumilia. Sijawahi kukosa mwezi hata mmoja, na hilo naomba ulikumbuke.

Wewe uko huko kwenye mashuka ya hospitali, mimi niko huku, mtoto yuko kwa dada yangu. Sioni kwa nini tuendelee kufungwa kamba moja. Tuachane sasa, tuachane kweli.

Baba Chiriku


19 Februari

Baba Chiriku,

Salamu zako nimezisoma zote, hazikunichukua muda.

Hukukosa mwezi kwa sababu hakuna aliyekuuliza. Mwajiri alikata, mahakama ikapokea, dada yako akapata. Wewe kazi yako ilikuwa kununa tu.

Sasa hilo la kumi na nane. Mwezi ujao mtoto anatimiza kumi na saba, kumi na nane ni ya mwakani, na wewe ndiye mtu wa mwisho duniani wa kunibishia. Nani alimbeba begani mpaka ofisi ya vizazi, wenzake bado wanacheza na matope, akamwongezea mwaka mzima ili aingie darasa la kwanza? Nilikwambia mwache mtoto akue. Ukasema mtoto wa fundi lifti hapandi ngazi. Karani akacheka, akaandika ulichomwambia. Ndiyo maana katika kila darasa yeye ndiye mdogo kuliko wote, na ndiyo maana hukaa mbele, akikaa nyuma haoni ubao.

Na hata tukifuata hiyo karatasi yako, hukumu ninaijua kwa moyo: mpaka kumi na nane, na kama bado anasoma, mpaka amalize shule, isipokuwa mwenyewe aseme ameanza kujitegemea. Yuko darasa la mwisho. Mitihani ni Novemba. Ni miezi tu imebaki, jamani, si miaka. Mgongo wangu umeharibika kwa kuinua mashuka yenye maji. Ningeweza kubeba peke yangu, nisingekubembeleza.

Nina ombi moja. Mtoto hajui habari za mahakama. Mimi na wifi tumemlea akiamini kwamba baba yake hutuma mwenyewe kila mwisho wa mwezi, kwa moyo wake. Nimemeza mengi ili jina lako libaki safi mdomoni mwake. Usilichafue sasa, tumeshafika mlangoni.

Mistari yako miwili siandiki.

Mama Chiriku


14 Machi

Baba mpendwa, shikamoo.

Leo natimiza miaka kumi na nane ya karatasi na kumi na saba ya Shangazi. Ndivyo anavyosema yeye, kwamba mimi nina mwaka wa kuazima, siku moja mwenyewe atakuja kuudai. Amenishonea sketi mpya ya shule, maana ile ya zamani ilikuwa imenipanda na mwalimu wa zamu alikuwa ananitazama kwa jicho la pembeni. Kumbe bado narefuka!

Barua zangu huwa unazipata? Nimekuandikia kila mwaka siku kama ya leo. Shangazi anasema unazipata, ila nyinyi mafundi mikono yenu imezoea spana, kalamu inawateleza. Basi na hii usijibu kama una kazi. Nataka tu kusema asante. Kuna wasichana darasani kwetu ambao baba zao wako mbali. Mwisho wa mwezi ada isipofika wanaitwa ofisini, wanasimama ukutani, wanasomwa majina dirisha likiwa wazi, shule nzima inasikia. Mimi sijawahi kusimama pale. Jirani yangu wa dawati aliniuliza, "Baba yako anakukumbukaje hivyo, hakosi hata mara moja?" Nikamwambia, baba yangu ni fundi wa lifti, akichelewa yeye watu wanakwama. Siku hiyo nilivimba kichwa mpaka jioni.

Nikifaulu mitihani ya Novemba naweza kwenda chuo cha ufundi. Nataka kusomea umeme. Usicheke. Shangazi amecheka mpaka sindano ikamchoma kidole.

Bado kidogo tu, baba, kisha utapumzika. Nakuahidi hutajuta.

Chiriku wako
(siku hizi siongei sana, lakini jina sijalitupa)


3 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako nimeisoma nimekaa juu ya sanduku langu la vifaa, chini kabisa ya jengo. Wenzangu wakaniuliza kama grisi imeniingia machoni.

Umeme! Nani kakwambia nitacheka? Wewe ulikuwa unahesabu vitufe vya lifti kabla hujajua kufunga viatu. Nilikuwa nakuinua, unabonyeza vyote, watu wanatukasirikia.

Sasa kwa kuwa umekuwa mtu mzima, nakutuma kazi ya mtu mzima. Humu ndani ya bahasha kuna karatasi, ni ya kazini kwangu. Wanapanga upya mafaili yetu, na kila mwenye mtoto wa umri wako inabidi mtoto mwenyewe asaini, ndipo baba apandishwe daraja. Utaona imeandikwa kwamba umefikia utu uzima na unajitegemea. Usishtuke, ni maneno ya makarani tu, wanamwandikia kila mtu hivyo hivyo. Weka saini chini, pale nilipochora msalaba kwa penseli, urudishe haraka.

Mama yako na shangazi yako wasijue kwanza. Si kwa ubaya. Unawajua wale, watauliza maswali mpaka karatasi izeeke. Nataka niwashangaze nikishapanda. Iwe siri yetu mimi na wewe, hatujawahi kuwa na siri sisi.

Baba yako akupendaye


11 Aprili

Baba, shikamoo.

Nimesaini. Siyo ile saini yangu ya shuleni ya harakaharaka, hapana, nilijizoeza kwanza nyuma ya daftari la hesabu mpaka ikatulia. Nimeisoma karatasi yote, kwa sababu umesema mimi ni mtu mzima. Pale kwenye kujitegemea nilicheka peke yangu, maana asubuhi ileile Shangazi alikuwa amenifokea kwa kusahau kitambaa cha kichwa sakafuni.

Nilipita posta nikitoka shule. Shangazi akaniuliza nimechelewa wapi, nikasema maktaba. Ni mara ya kwanza kumdanganya, na moyo ulinidunda, lakini ulidunda kwa raha.

Na mimi nina ombi. Mahafali yetu ni Oktoba. Kila mwanafunzi anapewa viti viwili vya wazazi. Kimoja ni cha mama. Cha pili nimeshamwambia mwalimu ni chako, akakiandika.

Chiriku wako


27 Juni

Baba Chiriku,

Mei hakikufika kitu, nikasema labda benki. Juni nayo imekwisha mikono mitupu. Tangu hukumu haijawahi kutokea, kwa hiyo nimeingiwa na hofu. Umepata ajali? Kazi yenu ni ya kuning'inia kwenye mashimo marefu, na hata tulipokuwa tunaishi pamoja nilikuwa silali vizuri nikiiwaza ile kamba. Kama umelazwa, sema ni wapi. Ugomvi wetu ni wetu, lakini wewe ni baba wa mtoto wangu, siwezi kukaa huku nakunja mashuka sijui kama u hai.

Nilipokwenda kumwona mtoto nilimwambia baba amechelewa kidogo. Ajabu, hakushtuka. Alitabasamu akasema nisiwe na wasiwasi, kuna jambo zuri linakuja. Nikadhani ni utoto.

Nijibu hata neno moja.

Mama Chiriku


16 Julai

Wewe mdogo wangu,

Shikamoo yako baki nayo hukohuko, siitaki.

Jana Chiriku aliitwa ofisini, akasimamishwa ukutani na wale wengine, akasomwa jina dirisha likiwa wazi. Alirudi nyumbani asubuhi ileile na daftari zake zote kifuani. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, nashona sare za watoto wa watu. Nikaacha kila kitu nikaenda mahakamani kuuliza pesa za mtoto zimekwenda wapi. Karani akafungua faili akaniambia, "Mama, mbona mwenyewe ameandika anajitegemea?" Akanionyesha saini. Nilitaka kusema imeghushiwa, nikaitazama tena. Mkono ule naujua. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kalamu.

Nilipomuuliza alinijibu nini, unajua? "Shangazi, hiyo ni ya kazini kwa baba, anapandishwa daraja, ilikuwa tuwashangaze." Anakutetea! Ikabidi nimkalishe chini nimweleze mahakama ni nini, makato ni nini, na ile barua yako ya Februari aliyonitumia wifi. Hakulia. Alikwenda ndani akavua sare, akaikunja, akaileta kwenye meza yangu. "Mtafutie mtoto itakayemtosha," akasema.

Yaani wewe! Nilikubeba mgongoni, nikakufuta kamasi, nikakuficha ulipovunja redio ya baba. Sikujua nalea mtu wa kuja kumpaka mwanawe mafuta kwa mgongo wa chupa. Na usinililie shida. Mtu aliyetoka huko amenisimulia kwamba hakuna anayekuita Baba Chiriku, wanakuita Baba Pacha. Una mke, una mapacha, una nyumba inayongoja bati. Hongera. Ungeniambia, ningewashonea nguo, ni watoto wangu pia.

Lakini usithubutu kuniambia mimi habari ya kumi na nane. Ofisi ya vizazi tulikwenda wote. Wewe ulisema uongo, mimi nikaweka saini ya shahidi, tukatoka pale tunacheka. Ulisema mtoto wako hapandi ngazi, anapanda lifti. Sasa umemkatia kamba katikati.

Dada yako


5 Agosti

Dada, shikamoo, hata kama huitaki.

Sibishani na mkubwa. Ila na mimi nina upande wangu, na miaka yote hii hakuna aliyeniuliza.

Nilipokuja huku nilikuwa mgeni, nalala kwenye stoo ya vifaa. Ndiyo, kuna miezi sikutuma. Mama Chiriku hakungoja nisimame. Akanipeleka mbele ya hakimu kama mwizi wa kuku. Tangu siku hiyo kila kilichomfikia mtoto hakikuwa mimi niliyempa, kilikuwa kimechukuliwa. Unajua inavyouma mtu akikushukuru kwa kitu ulichonyang'anywa? Barua zake zote ninazo. Kila mwaka asante baba, asante baba. Ningemjibu nini? Nimwambie amshukuru hakimu?

Mapacha nao wana midomo. Mke wangu amekuwa akiniuliza kila siku mpaka lini nyumba hii itakula nusu kwa ajili ya watu wa mbali. Nilichoka, dada. Mtu huchoka.

Karatasi inasema kumi na nane. Mimi sikuandika, aliandika karani wa serikali, akapiga na mhuri. Na saini ni ya mtoto mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono. Akili zile hazipotei, atapata njia. Mimi umri wake nilikuwa nimeshaanza kubeba vyuma.

Msalimie. Na usimjaze chuki.

Mdogo wako


30 Agosti

Mwanangu,

Shangazi anasema hutaki kurudi shule na unataka kuja huku kufanya kazi na mimi. Usije. Huku hakuna kitu cha mtoto mwenye kichwa kama chako. Ni chumba cha chini, joto na mvuke, mashuka ya wagonjwa yanakuja na kila kitu ambacho mwili wa mtu hutoa. Nimeomba zamu mbili. Shangazi amepata oda ya sare. Rudi darasani, mwambie mwalimu mkuu mama analeta, avute subira mpaka mwisho wa mwezi.

Umemtuma Shangazi aniulize swali moja tu, kwa nini hatukukwambia. Nimelikwepa wiki nzima, sasa nakujibu. Nilitaka uwe na baba. Yule wa kweli alikuwa hapatikani, nikakutengenezea mwingine, anayekukumbuka kila mwisho wa mwezi. Kila ulipouliza nikamwongezea kitu, leo upole, kesho bidii, keshokutwa aibu ya kuandika barua. Nilimtengeneza mzuri mno. Ukampenda, ukamsainia. Hapo sina wa kumsingizia.

Nikasirikie mimi ukitaka, lakini ukasirike ukiwa darasani.

Mgongo si mbaya sana, nakunywa dawa.

Mama


9 Februari

Mwanangu Chiriku, hujambo?

Mwaka umegeuka na hujaniandikia, najua umeninunia. Siku ya mahafali sikuweza kuja, kazi zilitubana, lakini nilikuwaza kutwa nzima. Hongera kwa kumaliza shule. Shangazi yako hajibu barua zangu, ila habari hazifichiki: nimesikia umepata kazi hospitali! Nilimwambia nini? Nilimwambia akili zile hazipotei. Huku kila mtu nimemwambia binti yangu yuko hospitali. Wengine wanadhani ni daktari, sijawasahihisha.

Mimi siko vizuri. Desemba mlango wa lifti ulinibana mguu, mfupa ukavunjika vibaya. Natembea na magongo. Kampuni ilinilipa mwanzoni, kisha ikanyamaza. Mke wangu anajitahidi lakini hatufiki mbali. Sasa wewe ni mtu mzima, una mshahara, na mtoto aliyekua humkumbuka mzazi. Sikulazimishi, mimi si mtu wa kumpeleka mtu mahakamani. Iwe kidogo tu, kila mwisho wa mwezi, kwa moyo wako.

Wadogo zako wanakusalimu. Ni wa kiume na wa kike, midomo yao ni yako kabisa, hawanyamazi. Mwezi huu niliwapeleka shule wakaandikishwe, mwalimu akasema bado wadogo, warudi mwakani. Nikamwambia hajui anazungumza na nani. Nimeenda na magongo yangu haya mpaka ofisi ya vizazi, nikawaongezea mwaka mmojammoja. Cheti kinatoka mwisho wa Machi. Watoto wangu hawapandi ngazi!

Nategemea jibu lako.

Baba yako


14 Machi

Baba, shikamoo. Shangazi alinilea hivyo, siwezi kuiacha.

Leo natimiza miaka kumi na nane. Hii ndiyo ya kweli. Hakuna karatasi popote inayosema hivyo, tunaojua ni wewe, mama, Shangazi na mimi.

Hospitali nipo, hapo hukuwadanganya wenzako. Niko chumba cha chini, cha kufulia. Mama alifanya zamu mbili mpaka Septemba, mgongo ukakataa, akaanguka kati ya mashine na ukuta. Wangemwondoa kazini, nikaja nikachukua nafasi yake. Msimamizi aliniuliza umri, nikamwonyesha cheti changu. Kama nisingekuwa na ule mwaka wako asingenikubali, kwa hiyo kuna siku moja umenifaa. Mama yuko chumbani tulikopanga, amelalia ubao, siku nyingine anakaa mpaka dirishani. Nikirudi ananiuliza habari za mashine kama mtu anayeulizia ndugu zake.

Shule sikumaliza. Mahafali sikwenda, na kiti chako sijui alikaa nani. Mitihani wenzangu walifanya mimi nikiwa natoa damu kwenye mashuka kwa maji baridi, maana yakiwa ya moto haitoki. Nilikuwa najua kila siku ni somo gani. Siku ya fizikia nilitoka nje nikakaa karibu na mapipa mpaka muda wa mtihani ukaisha, kisha nikarudi ndani.

Hapa kuna lifti ndogo ya kupandishia mashuka wodini. Fundi akija namshikia tochi. Huwa namwangalia mikono. Sijamwambia kama baba yangu ni fundi.

Barua yako nimekaa nayo siku nyingi. Uliponiomba nikukumbuke kwa moyo wangu nilikasirika. Nilikukumbuka kwa moyo wangu kila mwaka, baba. Nilikukumbuka mpaka nikakudanganyia Shangazi. Nilitaka kukuandikia maneno mawili tu ya kukufukuza, nikachukua kalamu, halafu nikasoma tena pale kwa mapacha.

Usiwafanyie hivyo.

Najua utasema unawapenda, na mimi nakuamini. Hata mimi ulinipenda siku ile. Shangazi amenisimulia mara nyingi, ulinisimamisha juu ya meza ya karani nihesabu, nikahesabu mpaka nikapitiliza, na ulitoka pale kifua mbele unasalimia hata watu usiowajua. Nilikuwa naomba anisimulie tena na tena, ndiyo hadithi niliyoipenda kuliko zote. Sasa akiianza namwambia anyamaze. Ule mwaka ulinipa kwa kunionea fahari. Ulipochoka nami ukauchukua uleule, ukanisukuma nao nje. Na wewe huchoki leo, baba, unachoka baadaye. Hata hao siku moja utawachoka, na karatasi itakuwa tayari inakungoja.

Pesa ya kila mwisho wa mwezi situmi. Lakini humu ndani nimeweka nauli ya kwenda ofisi ya vizazi na kurudi, ya kukaa kiti kizuri, kwa ajili ya mguu wako. Nenda kabla cheti hakijatoka. Mwambie karani umri wao wa kweli, wote wawili, hata akikucheka. Wacha wacheze na matope mwaka mmoja zaidi. Siku moja wakikua waambie ni dada yao aliyewatumia mwaka huo, na kama huwezi kuwaambia, basi.

Sitaki unijibu. Sitaki ushahidi wala saini, nimeshaona saini. Hukumu ilisema mpaka kumi na nane, na kumi na nane ni leo. Kuanzia kesho hudaiwi kitu na mtu yeyote huku.

Mashine ya tatu imesimama, lazima nikatoe mashuka.

Mtoto wa Mama Chiriku